Eda ya Bwana Nanami

Shangazi yangu wa Muheza hajibu status. Anaangalia tu. Ukiweka picha saa saba usiku, ukiamka alfajiri jina lake lipo kwenye orodha ya walioiona, tena juu kabisa. Mimi nilidhani anapita kama wapitavyo wengine. Kumbe mwenzangu anahifadhi, anaunganisha, halafu anapeleka kwenye grupu la ukoo ambalo mimi simo.

Kazi yangu ni kuchora. Mchana nachora vya kulipwa: vichwa vya misuko kwenye ukuta wa saluni, kadi za harusi, samaki wa mgahawa. Usiku nachora vya moyoni. Na vya moyoni mwaka 2023 vilikuwa mtu mmoja tu, Nanami Kento wa Jujutsu Kaisen. Wapenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, mnamjua, na najua mmeshaanza kuhuzunika. Kwa msiomjua: ni mwanaume wa suti na tai ya madoadoa, aliwahi kufanya kazi ofisini kwenye mambo ya fedha, akachoka nayo, akarudi kupigana na laana zenye miili. Anapigana kwa saa za kazi. Ikifika saa kumi na mbili jioni na bado hajamaliza, ndipo nguvu zinapompanda, kwa sababu sasa wamemwingiza kwenye ovataimu. Niambieni, mtu kama huyo utaacha kumpenda?

Sasa sisi mashabiki tuna desturi yetu. Mhusika ukimpenda unamwita mume. Hakuna anayeshtuka, mume mmoja ana wake dunia nzima na wote wanapeana hongera. Kwa hiyo Oktoba ile, kwenye Inktober, ule utaratibu alioanzisha mchoraji Jake Parker mwaka 2009 wa kuchora kwa wino kila siku mwezi mzima, mimi nilimchora Nanami tu, na chini yake maneno. "Mume wangu leo kachoka." "Mume wangu na mkate wake." "Mume wangu hataki ovataimu, na mimi simlazimishi."

Tatizo ni nywele. Nywele za Nanami ni za njano, na wino mweusi hauna njano. Unaziacha nyeupe, unapitisha mistari michache ya kivuli upande wa sikio, basi. Mchoraji akiangalia anaona njano. Shangazi akiangalia anaona mvi.

Haya ya grupu nimeyapata baadaye kwa binamu mwenye huruma. Baba mdogo, ambaye hakuna jina asilojua limetoka wapi, alishatoa hukumu: Nanyamba, Nanguruwe, Nangurukuru, Nanami. Mzee ni wa kusini. Mjomba akasema mvi si hoja kama suti anayo. Shangazi akasoma lile neno "mume" mara ya tatu, akatangaza kwamba mtoto keshafungishwa ndoa ya mkeka na mzee wa watu na anaona haya kusema. Wakakubaliana wanyamaze, nimlete mwenyewe siku nitakayokuwa tayari.

Novemba akafa.

Waliosoma manga, yaani hadithi hiyohiyo kwenye vitabu, walijua tangu 2020. Hata mimi nilijua, lakini kujua hakusaidii kitu. Yuko ndani ya stesheni ya Shibuya, nusu ya mwili imeungua, anajikokota, na kichwani anaona ufukwe wa Kuantan, Malaysia, alikotaka kwenda kupumzika na kusoma vitabu alivyonunua asivipatie muda. Nililia mpaka paka wa jirani akaja dirishani. Nikachukua kalamu, nikamchora amefumba macho, nikaandika: "Mume wangu ametangulia. Malaysia hatukufika. Naomba msinipigie." Nikabonyeza. Ulikuwa msimu wa mgao. Umeme ukakatika, simu nayo ikazima kwa njaa, nikalala zangu.

Asubuhi ya Ijumaa nikaipeleka simu kwa kinyozi mwenye jenereta, nikaiacha inachaji, nikanunua vitumbua, nikapiga soga kidogo. Narudi nyumbani, uani mkeka umetandikwa. Kina mama wamejitanda kanga. Vijana wanashusha viti vya plastiki kwenye guta. Moyo ukanilipuka paa: mama mwenye nyumba kafiwa!

Nikavua ndala, nikavuta kanga iliyokuwa kwenye kamba, nikajitanda, nikaenda moja kwa moja kumshika mkono.

"Pole sana, mama."

"Pole wewe, mwanangu."

"Mungu akupe subira."

"Akupe wewe kwanza."

Nikaona mama wa watu mshtuko umemvuruga. Nikakaa mkekani, nikamwinamia jirani yangu nikamnong'oneza, "Tumempoteza nani?"

Akanitazama. Macho yakamjaa machozi. Akamgeukia mwenziwe: "Maskini, bado hajakubali."

Hapo kilio kikaanza upya, na mimi sijaumbwa mtu wa kuangalia wenzangu wakilia nikanyamaza. Nikalia nao. Nililia vizuri, tena kwa sauti, mama mmoja akawa ananipepea kwa mfuniko wa ndoo. Vitumbua vyangu vikachukuliwa mkononi kwa upole, vikapangwa kwenye sinia la msiba. Hilo nililiona, nikanyamaza kwa heshima ya marehemu.

Saa nane mchana shangazi akaingia, vumbi la safari miguuni, mkononi mfuko. Ndani ya mfuko mna shuka jeupe. Sikuelewa lile shuka ni la nani.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alinikumbatia akanibana kifuani. "Mwanangu, kwa nini ulituficha?"

"Niliwaficha nini?"

"Bwana Nanami."

Nisiwadanganye, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Jina lile, kinywani mwa shangazi wa Muheza, tena kalitamka vizuri kuliko mashabiki wengi!

"Shangazi, kumbe unamjua Nanami?"

"Kwa picha tu. Mzee mtulivu. Mazishi wapi?"

"Hakuna mazishi, shangazi."

"Na mwili?"

"Ilibaki miguu tu."

Mkeka mzima ukapiga ukelele. Shangazi akakaa chini taratibu. "Ajali?"

"Aliungua kwanza. Halafu akauawa, ndani ya stesheni ya treni. Japani."

"Japani alifuata nini?"

"Ndiyo kwao."

"Kwao Nangurukuru!" Sauti ya baba mdogo ikatoka mkobani, kumbe shangazi alikuwa kampigia na kuweka spika tangu getini. "Muulize kama alisilimu. Niko na shehe hapa."

"Ameacha watoto?" shangazi akaendelea.

"Hana. Ila kuna kijana, anaitwa Itadori. Kwa neno lake la mwisho alimwachia huyo mambo yote."

Shangazi akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilingoja jambo hilo. Akatoa simu, akafungua picha. Ilikuwa yangu ya Oktoba, Nanami kapitishiwa mstari uliogawanywa vipande kumi, na alama inapokutana saba na tatu. Ndiyo mbinu yake ya kupigana: adui anamgawa kwa uwiano huo, akipiga pale penye alama, hata mwenye nguvu anavunjika. Mstari ule niliupima kwa rula, naujivunia mpaka leo.

"Kijana saba, wewe mjane tatu?" shangazi akauliza.

"Hatukubali!" akasema baba mdogo mkobani. "Mirathi gani hiyo?"

Nikatazama lile shuka jeupe. Nikatazama vitumbua vyangu. Mambo yote yakanijia kwa pamoja, na jasho nalo.

"Shangazi, ni katuni."

"Nani katuni?"

"Nanami."

"Marehemu?"

"Marehemu."

Kukawa kimya, hata mfuniko wa ndoo uliacha kupepea. Shangazi akaivuta ile picha kwa vidole, akaikuza mpaka sikio likajaa kioo kizima.

"Na hizi mvi?"

"Si mvi. Ni nywele za njano. Wino hauna njano."

"Basi hakuwa mzee."

"Hata thelathini hakufika."

"Yarabi!" Akajishika shavu. "Kijana mdogo hivyo!" Wenzake wakaitikia, na nawaambieni ukweli, huzuni ya safari hii ilikuwa kubwa kuliko ile ya asubuhi.

Pilau lilishawekwa motoni, na halikuonekana sababu ya kuliepua. Likaliwa. Mama mwenye nyumba alinitazama jicho la kodi, lakini sahani alinijazia. Kuhusu michango, baba mdogo, ambaye ndiye mweka hazina, alisema fedha za msiba hazirudi zilikotoka, ni mkosi, na yeye tayari alishalipia viti. Shehe aliomba tu aelezwe tena kuanzia mwanzo.

Umeme ulirudi usiku. Shangazi, aliyekuwa kalala chali na lile shuka kajifunika mwenyewe, akakaa kitako. "Hebu nioneshe huyo mkwe."

Nikawasha kompyuta, nikaanzia sehemu ya kwanza, maana Nanami haji mapema. Mama mwenye nyumba akaja na kigoda chake. Wakanisumbua kila dakika: huyu nani, huyu mbaya au mzuri, kwa nini anakula kidole. Kisha akatokea Gojo, mrefu, kitambaa machoni. Shangazi akanigusa kiwiko.

"Huyu nywele zake zile ni njano?"

"Hizo nyeupe kweli."

"Ana mtu?"

"Shangazi, huyo kwenye manga alishakufa tangu Septemba."

Akafikiri kidogo, akavuta shuka mabegani.

"Basi usimchore kwanza. Mchango wa huyu wengine hata hawajamaliza kulipa."