Mungu Ameshashukuriwa, Bado Watu

Juzi tumevunja kamati ya harusi. Kuku alikuwepo, bia zilikuwepo, soda za walokole zilikuwepo, na bwana harusi akasimama kutoa neno la shukrani. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru Mungu tena. Akawashukuru "wote mliofanikisha kwa namna moja ama nyingine", akaketi, makofi. Mweka hazina wetu, mama ambaye tangu kabla ya Pasaka alikuwa anafukuzia ahadi za watu na kujibiwa "mwisho wa mwezi dada", ambaye usiku wa harusi alikaa mlangoni na orodha yake kuhakikisha mwenye kadi ya singo haingii na mtu wa pili, alikuwa pembeni anahesabu sahani za kurudisha. Namna moja ama nyingine ndiyo yeye.

Wenzangu wananiambia nina makuu, shukrani imeshatolewa, nataka nini tena. Nataka jina lake litajwe, basi.

Na wala si kwamba kijana hana adabu. Ni mstaarabu, hulia kwenye misiba ya watu asiowajua. Kilichomkaba koo ndicho kinachotukaba wengi wetu: tunaogopa deni. Kumshukuru Mungu ni rahisi, maana Mungu haji Januari kukuomba umlipie mwanawe ada. Lakini ukimtazama binadamu mwenzako usoni ukamwambia "bila wewe ningeaibika", umekiri mbele ya mashahidi kwamba ulikuwa unaelekea kuaibika. Nasi tumekuzwa na masimango. "Hata hilo shati ulilovaa nilinunua mimi." Mtoto aliyelelewa kwa ndugu anaijua sentensi hiyo kabla hajajua kuzidisha. Akikua anakuwa fundi wa kupunguza ukubwa wa alichopewa hata kabla hakijafika mkononi. Ah, ana hela huyo, hakuumia. Alikuwa anatafuta sifa. Na mimi si nilimsaidia mwaka ule? Mahesabu hayo tunayapiga kimyakimya, haraka kuliko wakala wa M-Pesa, na tukimaliza tunajikuta hatudaiwi na mtu yeyote. Raha iliyoje.

Haya, nakubali shingo upande, wapo wanaotoa ili wakudai hadi kaburini. Ukiwapa asante moja wameshapata risiti ya kukuonyesha kila Krismasi. Hao washukuru kwa kifupi uende zako. Ila ni wachache, na sisi tunawafungia midomo wema wote kwa sababu ya shangazi mmoja wa utotoni.

Kwenye dini jambo hili halijafichwa. Waislamu wanayo hadithi ya Mtume: asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Wakristo tuna Luka 17, wakoma kumi wakatakasika, akarudi mmoja, tena Msamaria. Mahubiri yake nimeyasikia mara nyingi na karibu yote huishia kwenye kapu la sadaka. Sijasikia mhubiri akiuliza wale tisa walikuwa wanawaza nini. Mimi nadhani walikuwa na haraka ya kuwa watu ambao hawajawahi kuugua. Kumrudia aliyekuponya ni kukumbuka ngozi yako ilivyokuwa, na nani anataka?

Sasa wamekuja wahamasishaji na daftari la shukrani, andika mambo matatu kila usiku kabla ya kulala. Sitalikejeli sana. Mwaka 2003 wanasaikolojia Emmons na McCullough walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa walioandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema kuliko walioandika kero zao. Sawa. Lakini daftari halina macho. Unaweza kuandika "mke mwema" mwaka mzima, mwenyewe yuko jikoni na hajui. Kazi ni kumwambia. Mwaka 2018 Kumar na Epley waliwapa watu kazi ya kuwaandikia barua wale waliowatendea mema, wakawauliza wanadhani barua itapokewaje. Waandishi walihofia kwamba wapokeaji wangeona haya, isijulikane waseme nini. Wapokeaji walifurahi kuliko walivyotarajiwa, na aibu yenyewe haikuwa kubwa kiasi hicho.

"Ni kazi yake, analipwa." Hii ya dada wa kazi inaniudhi kiasi kwamba nitaiacha hapa.

Na aliyefukuzwa kazi wiki hii au aliyezika, mwacheni jamani. Kumwambia "shukuru unapumua" ni kumnyamazisha tu.

Najua pia kuna atakayeniambia kwamba sisi hatuna utamaduni wa maneno matamu, tunashukuru kwa vitendo. Vizuri, vitendo vya lini? Mbona konda tunamwambia asante kila siku kwa kuturudishia chenji yetu wenyewe, ila mjomba aliyeuza baiskeli ili uingie kidato cha tano anasubiri vitendo tangu hapo? Mpigie. Usianze na Mungu, usiseme "kwa yote". Taja baiskeli, taja ada. Ataguna, ataona haya, atasema "achana na hayo bwana", kisha atauliza mvua huko kwenu zimeanza. Usikimbilie kwenye mvua. Rudia mara ya pili, halafu ndiyo mzungumze mvua.