Tennyson hakutaka kuambiwa ajikaze

Msibani hatukosi maneno: jikaze, njia ni yetu sote, kazi ya Mungu haina makosa. Yanasemwa kwa nia njema, na wengi wetu tumeyasema. Mshairi Mwingereza Alfred Tennyson naye aliambiwa ya namna hiyo alipofiwa mwaka 1833, akayakataa. Kwa sababu hiyo naliweka shairi lake refu la maombolezo, In Memoriam, juu ya mashairi yote ya Uingereza ya zama za Malkia Victoria.

Marehemu ni Arthur Hallam, rafiki yake tangu wakisoma Cambridge na mchumba wa dada yake, Emily. Alikuwa Vienna safarini na baba yake. Tarehe 15 Septemba mzee alirudi kutoka matembezini, akamkuta kwenye kochi, akadhani amelala. Alikuwa na miaka 22. Mwili ulirudi kwa meli kutoka Trieste, na mazishi yakafanyika Januari 1834.

Katika sehemu ya sita ya shairi, mtu anamwandikia pole: marafiki wengine bado unao, kufiwa kumeumbiwa binadamu. Tennyson anajibu kwamba msiba kuwa wa wote haumpunguzii uchungu, unamzidishia, maana hakujawahi kukucha hadi kukachwa bila moyo wa mtu kuvunjika. Kisha anatuonyesha msichana anayemngoja mchumba wake jioni. Kwa baba yake moto umekolea, mgeni anatarajiwa. Msichana anachagua utepe au ua, akiwaza kipi kitampendeza zaidi. Ameshaondoka kwenye kioo, anageuka tena kuweka sawa shungi moja la nywele. Wakati huo huo mwanamume amezama akivuka mto, au ameanguka kutoka kwenye farasi akafa.

Lile shungi ndilo linaloniumiza. Hakuna kilio humo, hakuna jeneza, ni mtu anayejipamba kwa ajili ya aliyekwisha kufa.

Sehemu hiyo inafunga kwa kumtabiria huyo msichana useja wa maisha. Emily wa kweli aliolewa mwaka 1842 na afisa wa jeshi la majini, na wapo waliomsema. Mimi namtetea. Mwanawe wa kwanza alimwita Arthur Henry Hallam. Aliyesahau hafanyi hivyo.

Wasomaji wa tenzi watalitambua umbo mara moja, kwani kila mshororo una mizani 8 na ubeti una mishororo minne. Vina ndivyo vinavyotofautiana: wa kwanza unapatana na wa nne, wa pili na wa tatu. Kila ubeti unatoka kidogo, kisha unarudi ulikoanzia. Sehemu ni 131, mbali na dibaji na hitimisho, na ziliandikwa kwa miaka ipatayo 17 hadi kitabu kilipotoka 1850. Muda huo wote anarudi kwenye maumivu yale yale, na sioni udhaifu hapo. Ndivyo majonzi yalivyo.

Kwa hiyo sipendi jinsi watu wanavyochomoa mistari miwili ya sehemu ya 27, ile isemayo ni heri uliyependa ukapoteza kuliko ambaye hakupenda kabisa, wakaifanya dawa ya kila jeraha. Sogea sehemu moja tu mbele. Noeli ya kwanza bila Arthur imekaribia, kengele zinalia vijijini, na Tennyson anasema mwaka huo amelala na kuamka na maumivu, karibu atamani asiamke tena. Aliyeandika faraja ile ndiye huyo huyo aliyeandika haya, na hakufuta lolote.

Victoria mwenyewe, baada ya mumewe Albert kufa mwaka 1861, alisema hakuna kilichomfariji kama shairi hili, ukiacha Biblia. Namwamini. Ila nadhani lilimfaa mjane kwa yale masikitiko yasiyoharakishwa, kuliko kwa hitimisho lake, ambalo ni harusi ya dada mwingine wa mshairi na ni tamu kupita kiasi. Tennyson mwenyewe baadaye alikiri kuwa shairi lina matumaini kuliko yeye.

Ukitaka kulisoma, ruka dibaji. Iliandikwa mwishoni, akiwa ameshatulia. Anzia sehemu ya sita, uende na ya saba, mishororo 12 tu, anaposimama alfajiri mbele ya nyumba ya Hallam pale London, mtaa wa Wimpole, mvua ikinyesha. Mengine yasome polepole, hata kwa mwaka mzima.