Kipimo cha kromosomu Y kabla ya kisu: kinamfaa nani?

Mwanaume amepimwa shahawa mara mbili, kila mara baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Maabara imezungusha sampuli kwenye mashine, ikachunguza mashapo, na haikuona hata mbegu moja. Je, apasuliwe korodani, mbegu zitafutwe humo? Tangu 1992, watafiti wa Brussels walipotangaza mimba za kwanza za njia ya kuchoma mbegu ndani ya yai, mbegu moja tu inaweza kuleta mtoto. Ndiyo maana wapo wanaosema kipimo cha vinasaba kinaongeza gharama tu, na wengi wanaopimwa hawakutwi na kasoro ya kromosomu Y, yaani kifungu cha vinasaba ambacho baba humrithisha mtoto wa kiume.

Ni kweli, ila gharama ya kutokipima ni kubwa zaidi. Kwenye mkono mrefu wa kromosomu Y kuna sehemu tatu za jeni zinazohitajika kutengeneza mbegu: AZFa, AZFb na AZFc. AZFa ikikatika yote, vijirija vya korodani hubaki na seli walezi, zile zinazolea mbegu, peke yake bila mbegu. AZFb ikikatika yote, mbegu huanza kukua zikakwama njiani. Katika hali hizo mbili daktari hapati kitu. Mgonjwa analipa, anashonwa, anarudi nyumbani mikono mitupu. Damu kidogo tu ingemwepusha.

Upungufu wa AZFc ni habari nyingine. Takriban nusu ya wanaume wenye upungufu huo hupatikana mbegu, kwa hiyo hapo jibu la maabara halizuii upasuaji. Linachobadilisha ni mazungumzo: kila mtoto wa kiume atarithi Y ileile yenye pengo. Wengine wanaona kuwaambia wenzi ni kuwatwisha mzigo bure. Mzigo huo ni haki yao kuujua kabla, si baada.

Kipimo hiki si cha kila mtu, hata hivyo. Mwenye mbegu zaidi ya milioni 5 kwa mililita asitozwe fedha zake. Na daktari akipapasa pumbu asiguse mirija ya kupitisha mbegu pande zote mbili, aelekee kwenye jeni ya CFTR, ambayo hitilafu zake huweza kuzuia mirija hiyo kuumbika, na mke naye apimwe jeni hiyo.

Sauti, ndevu na nguvu za kitandani kwa kawaida haviguswi na pengo la Y, ndiyo maana mke hulaumiwa miaka mingi. Aliye na AZFc pungufu na bado anatoa mbegu chache azigandishe mapema, kwani zinaweza kuendelea kupungua.