Eti Dubai ni saa moja tu

"Wewe uko Muscat unalalamika nini, si saa moja tu kwa ndege?" Maneno ya mtoto wa ami yangu wa Deira, mtaa wa Dubai, wiki iliyopita, kwa sauti ya kumkemea mvivu. Kwenye simu niliyameza, maana shangazi alikuwa anasikiliza. Hapa simezi.

Saa moja ya nani? Ukiuliza umbali utaambiwa kama kilomita 340. Huo ni mstari ulionyooka kwenye ramani. Mwenye gari ana Milima ya Hajar ubavuni, kwa hiyo anafuata pwani ya Batinah, Barka, Suwaiq, mpaka Sohar, ndipo akate kwenda mpakani Hatta. Akifika Dubai ameshapita kilomita 400. Tiketi ya ndege nayo imeandikwa saa moja na dakika kumi, na humo mna dakika za ndege kujikokota uwanjani kabla haijaruka na baada ya kutua. Basi watu wanachukua dakika 70 za tiketi, wanazipambanisha na saa nne na nusu za barabarani, na ukiwasha gari unaonekana mshamba.

Mwaka jana tulikuwa na harusi huko huko Deira. Mimi na kaka tulitoka nyumbani Al Khoud, hapa Muscat, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Yeye kwa gari, na wanawe watatu nyuma. Mimi kwa ndege, mstaarabu, na bakuli la halwa mkononi. Saa moja nimeshafika uwanjani, nimevua mkanda, nimevua viatu. Halwa ikapita kwenye mashine mara mbili, kijana wa ukaguzi akafunua kifuniko, akanusa, akacheka, akaniambia hii ingekwenda na mzigo. Kosa langu, lakini foleni nzima nyuma yangu ilijua nimebeba halwa ya zafarani. Ndege ya saa tatu ikaondoka saa tatu na nusu. Kutua, pasipoti, kusubiri begi (kwa nini begi langu huwa la mwisho?), teksi. Nabisha hodi saa sita kasorobo.

Kaka alikuwa anakunywa chai kikombe cha pili. Wanawe wameshaoga. Shangazi akanitazama juu mpaka chini: "Mbona umechelewa, si umekuja kwa ndege?"

Haya, nikubali. Siku za Idi mpakani unaweza kuota ndevu. Na asiye na gari afanye nini. Tena safari ndefu ni hesabu nyingine: wenzetu wa Kariakoo wanaounganisha Dubai kwenda Guangzhou, karibu kilomita 5,800, saa saba na ushee angani, hao hata wakipoteza saa tatu viwanjani ndege imewafaa. Sisi saa tatu hizo ndiyo safari yenyewe.

Reli ya Sohar na Abu Dhabi inajengwa, wanasema dakika 100. Nitaamini nikikaa kwenye kiti, na hata hapo bado nitauliza nani ananifikisha Sohar.

Mwezi ujao kuna akika. Nimeshamwambia kaka kiti cha mbele ni changu. Halwa itakaa nyuma na watoto, Mungu atusaidie.