Daktari Mwanagenzi, Chama Chake na Deni la Sh206,400

Kila madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya wanapogoma, lawama zote huwaelemea wao. Huambiwa wamewateka wagonjwa, wamesahau kiapo, wamezidi tamaa. Mwaka 2024 tuliyasikia hayo kwa siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, chama chao cha KMPDU kilipovutana na serikali.

Uchungu wa wagonjwa ulikuwa wa kweli. Mwenye uwezo alikwenda hospitali ya kibinafsi. Maskini alirudishwa nyumbani na maumivu yake. Ibara ya 43 ya Katiba inampa haki ya afya, na haki hiyo haikomi eti kwa kuwa Ibara ya 41 inamruhusu mfanyakazi kujiunga na chama na kugoma. Tena sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inazitaja huduma za hospitali miongoni mwa huduma muhimu, ambazo mgomo wake umewekewa vizuizi. Anayesema mgonjwa hakusaini mkataba wowote wa mshahara, kwa nini aumie, ana hoja nzito.

Ila waliousaini ni akina nani?

Mkataba wa pamoja kati ya madaktari na serikali ulitiwa saini mwaka 2013. Haukutekelezwa, na Desemba 2016 madaktari wakaanza mgomo uliodumu siku 100. Februari 2017 maafisa saba wa chama walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama, kabla ya Mahakama ya Rufaa kuwaachilia. Juni mwaka huo ukasainiwa mkataba mwingine, na ndani yake malipo ya daktari mwanagenzi, yaani aliyemaliza chuo na yuko katika mwaka wa mafunzo kazini, yakawekwa kuwa Sh206,400 kwa mwezi, mshahara pamoja na marupurupu. Ilipofika 2024, serikali ikasema haina pesa hizo, italipa Sh70,000.

Hapo ndipo wengi hawasimami kutafakari. Sh70,000 ni kama theluthi moja tu ya kiasi kilichoandikwa. Pengo ni Sh136,400 kila mwezi, na kwa mwaka mmoja wa uanagenzi ni Sh1,636,800. Serikali ilijitetea kwamba mzigo wa mishahara ya umma umeizidi nguvu, na kwamba kwa malipo madogo vijana wengi zaidi wangepata nafasi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito mezani, wakati wa kujadili mkataba mpya. Haiwezi kutumiwa na upande mmoja kujipunguzia deni ambalo upande huo wenyewe ulilisaini. Katika mgomo huo wa 2024 wanagenzi hawakuwa wakiomba nyongeza hata ya shilingi moja.

Na tumtazame mwanagenzi mwenyewe. Amesoma udaktari miaka sita. Bila kumaliza mwaka wa uanagenzi hawezi kusajiliwa kikamilifu, kwa hiyo hawezi kukataa malipo duni akaenda kwingine. Wakubwa wanaompangia zamu ndio wanaothibitisha kwamba amefuzu. Mtu wa namna hiyo atamwendea nani peke yake kudai haki yake? Kwa maoni yangu, hakuna mfanyakazi wa afya anayekihitaji chama kuliko yeye. Desemba 2024, mgomo mwingine ukinukia, serikali ilikubali kwa maandishi kuwalipa wanagenzi kulingana na mkataba wa 2017. Sioni barua ya daktari mmoja mmoja ikifikisha mambo hapo.

Hata hivyo, anayejiunga ajue anachokiingia. Sheria inamkataza mwajiri kumfukuza kwa sababu ya uanachama. Lakini mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku alizogoma, hata mgomo uwe halali, na kuna vijana wanaoligundua hilo kodi ya nyumba ikiwa tayari imefika. Mgomo halali nao una ngazi zake: mzozo upitie usuluhishi kwanza, kisha notisi ya maandishi ya siku saba. Mahakama ikiusimamisha, anayeendelea kugoma anahatarisha kazi yake.

Kuna pia wanaouliza, wajiunge kwa nini ilhali mkataba ukisajiliwa mahakamani huwafunika hata wasio wanachama? Ni kweli huwafunika, na ndiyo maana sheria imeweka njia ya kuwakata hao ada kwa manufaa wanayoyapata. Tofauti ni kwamba asiye mwanachama hana kura ya kuchagua maafisa wala sauti kuhusu kitakachodaiwa.

Wanachama wenyewe wana malalamiko yanayostahili kusikizwa. Tangu afya igatuliwe kwa kaunti 47 mwaka 2013, mzozo mwingi huanzia kwa gavana, na tawi la chama likilala, mwanachama huona makato tu kwenye karatasi ya mshahara bila kumwona mtetezi. Dawa ipo: chama kinatakiwa kisheria kuwasilisha hesabu zilizokaguliwa kwa msajili wa vyama vya wafanyakazi kila mwaka, basi mwanachama na azidai kwenye mkutano wa tawi lake. Asiporidhika, anaweza kujitoa kwa notisi ya maandishi, na mwajiri akishaipata hana ruhusa ya kuendelea kumkata.