Birika la Mama Mkwe

Aliyenifanya niite fundi ni baridi ya Julai. Wageni wakisikia Dodoma wanawaza jua na vumbi, kwa sababu hawajaoga hapa saa kumi na moja alfajiri. Nikanunua hita ya bafuni ya kilowati 5.5, nikataka iungwe kwenye waya uliokuwepo. Fundi, kijana mpole mwenye leseni yake ya EWURA, akapiga hesabu kwenye simu: ampea 24. Kisha akafungua ubao wa fyuzi wa nyumba yetu hii kuukuu ya Area C, akanyamaza.

Zilikuwa zile fyuzi za kigae, ambazo kiwaya kikiungua unafunga kingine mwenyewe. Aliyeishi humu kabla yetu alichoka kufunga. Kwenye fyuzi ya soketi aliweka msumari.

"Mzee, nyumba itaungua yote, huu utabaki," fundi akasema.

Alifanya kazi siku tatu. Waya za zamani, nyekundu na nyeusi, ganda lake likimeguka kama la karanga, zikatoka. Zikaingia za kahawia na bluu: milimita za mraba 6 kwa ajili ya hita peke yake, 2.5 za soketi, 1.5 za taa. Nje akapigilia fimbo ya shaba ya ethi, ndefu kunishinda, akaniagiza niwe naimwagia maji maana udongo wetu kiangazi ni kama kigae. Ukutani likakaa boksi jeupe la breka, na ndani yake ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Hiyo alinieleza kwa mfano wa mama ntilie: sahani zimetoka 20, zikirudi 19 hataki maelezo, anafunga genge.

Akauliza kama kuna laini nyingine yoyote nje. Nikasema hakuna.

Wiki ileile akaja mama mkwe kutoka Kondoa, na birika lake la umeme ndani ya kanga. Alfajiri ya kwanza, pap! Giza.

"Baba Zuhura, umeme wenu umekatika."

Nikaamka, nikapandisha breka. Alfajiri ya pili, pap. Ya tatu nilijilaza macho makavu nikisikiliza: hatua zake, mlango wa nyuma, mlango wa jikoni, birika linachomekwa, pap. Mwizi nikawa nimeshampata. Sasa umwambieje mama mkwe kwamba birika lake bovu?

"Mwambie," mke wangu akasema. "Ila nauli ya kumrudisha Kondoa utalipa wewe, na yangu ya kumfuata."

Nikaliiba. Sioni neno lingine la kutumia. Usiku wa nne nilinyata jikoni, nikaenda kulificha kwenye buti la gari, chini ya tairi la akiba. Asubuhi nikamsikia mama akilitafuta, akiguna, akiwasha gesi. Nikatabasamu ndani ya blanketi.

Pap.

Fundi alikuja kesho yake kabla hakujapambazuka, amevaa makoti mawili. Tukasimama mbele ya boksi kama tunaotazama mpira. Mama akatusalimia, akachukua ndoo, akatoka kumwagilia mizabibu yangu miwili, kama alivyokuwa akifanya kila siku kabla ya chai. Haikupita dakika, pap.

Fundi hakugusa boksi. Alifuata maji kwa tochi mpaka kwenye shina la mzabibu, akachomoa plagi ya barazani, akachokora udongo, akavuta waya. Waya wa spika. Umeungwa katikati na kufungwa kwa mfuko wa rambo, ambao marufuku ya 2019 iliukuta umeshazikwa. Ulikuwa unakwenda kwenye taa ya banda la kuku.

"Nani alifunga hii?"

Hata kuku walinitazama. Siku aliyokuja fundi niliichomoa ile plagi kwa aibu, alipoondoka nikaichomeka. Kumbe ndiyo maana kuku walikuwa wakifika pale wanaruka.

"Zamani ilikuwa inavuja hivihivi," fundi akasema. "Msumari utajuaje? Ule ulikuwa tayari kubeba chochote. Hii breka inahesabu."

Mama mkwe akatazama miguu yake. "Mimi namwagilia hapa peku tangu nije."

Hakuna aliyejibu. Nilitamani fundi aage aondoke. Badala yake akafungua mkoba, akatoa mega, kipimo cha umeme unaovuja, na akasema kwa ile sauti yake ya upole:

"Na lile birika ulilonipigia simu kulishtaki, mzee, lilete nalo nilipime."

"Birika langu lilishtakiwa?" mama akauliza. "Liko wapi?"

Kutoka mzabibuni hadi kwenye gari ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Nikatoa tairi la akiba, nikatoa jeki, nikatoa birika. Lilipimwa, likaonekana zima kabisa.

Mama alilipangusa kwa ncha ya kanga, hakusema kitu siku nzima. Ila bado yupo, na kila alfajiri sasa husimama nje ya mlango wa chumba chetu.

"Baba Zuhura! Nataka kuchomeka birika. Naruhusiwa?"