Ubelgiji mstari mmoja tu?

Mwandishi, kwenye makala yako ya bia umezunguka na za Ujerumani na Uingereza weee afu Ubelgiji umeipa mstari mmoja, hapo umetuangusha ndugu yangu. Kule Brussels na vijiji vya jirani kuna bia inaitwa lambic, hawatii hamira kabisa, wanachemsha shayiri na ngano, yale maji wanayaacha yapoe usiku kwenye beseni kubwa la wazi vijidudu vya hewani viingie vyenyewe, alafu inalala kwenye mapipa ya mbao hata miaka 3. Wakichanganya changa na kongwe ndo gueuze hiyo. Mi mara ya kwanza nilijua imeharibika hahaha, chachu kama ukwaju! Ila mtu aliyekulia kwenye mbege, ile pombe ya ndizi ya Kilimanjaro, wala hashtuki. Anayeanza apewe kriek, ile ya cheri.